Ndege Mbili Ambazo Hazikusikika

Tangen, 4 Machi 1988

Mdogo wangu mpendwa Tove,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako la kushoto limepunguza kelele. Mimi sijambo, ila usingizi wangu siku hizi ni wa kuibia. Simu sikupigii, unajua mwenyewe. Tangu tumzike mama, miaka miwili sasa, kila tukipigiana tunagombana hata kahawa haijapoa. Kwenye karatasi angalau tunamalizia sentensi.

Huku habari ni ndege tu. Hivi videge vya wanafunzi wa urubani vinazunguka juu ya mtaa wetu tangu asubuhi mpaka jioni, vikombe vya mama vinacheza kabatini. Halmashauri tumefungua simu ya malalamiko. Bwana Lindqvist peke yake alipiga mara mia nne na kumi na mbili mwaka jana. Karani wetu Maxine alichunguza akakuta tatu zilikuwa radi, na moja ilikuwa mashine ya jirani ya kukatia majani.

Sasa kuna kampuni inataka kuleta ndege za abiria za viti kumi na tisa, mara kumi na mbili kwa siku, kwenda na kurudi Portland. Wanaomba tuwapangishe lile jengo la zamani la zimamoto pale uwanjani liwe chumba cha wasafiri. Kikao cha kwanza watu walijaa mpaka ngazini. Madiwani tuko saba, na sauti zilikuwa mia mbili.

Unamkumbuka Verna Dubicki wa nyumba ya pili? Mumewe Hal mapafu yamekwisha. Akilala chali ndani hapumui, kwa hiyo analala mchana barazani, ameegemezwa mito, akiitazama bahari. Ndege ikipita anashtuka, na kumrudisha usingizini ni kazi ya saa nzima. Daktari hakuwapa miezi mingi. Verna alinishika mkono mlangoni pa ukumbi wa kikao akasema, "Ragna, mimi siombi barabara wala taa. Mwacheni huyu mzee alale." Nikamwahidi.

Leo baada ya chakula cha mchana nilisinzia kidogo, nikaota ukungu umeingia sebuleni, umekaa kwenye kiti cha mama umekunja mikono. Nikaumiminia kahawa. Haukusema kitu, nami sikushangaa.

Niandikie.

Dada yako,
Ragna


Dillingham, 17 Machi 1988

Dada Ragna,

Pokea heshima zangu. Mimi mzima, goti linajua hali ya hewa kuliko redio. Natumaini na wewe umelala japo siku moja tangu uandike.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilicheka peke yangu kama mwehu, maana nilikuwa naiogopa bila kujua kwa nini. Dada, hiyo kampuni ndiyo imeniajiri.

Nilikuwa nasubiri mambo yaive ndipo nikwambie. Unajua nina miaka kumi na tisa Alaska. Nimebeba barua, samaki, mbwa, na siku moja bibi harusi na jeneza ndani ya ndege moja, wakiwa wamepeana visogo. Kila mwaka nimeomba kazi kwenye ndege za abiria huko kusini, na kila mwaka jibu ni lile lile kwa maneno ya adabu: abiria wataogopa wakimwona mwanamke mbele. Hawa ndio wa kwanza kusema ndiyo. Tena si msaidizi, ni rubani mkuu. Mkiwapa jengo lile, Oktoba naanza, na kituo changu ni Tangen.

Siku ya mazishi uliniambia mbele ya mjomba Sverre, "Usirudi mpaka uwe na la kufanya hapa." Sijasahau, na sitaki ugomvi. Nasema tu kwamba sasa ninalo.

Jana nilikuwa juu ya mawingu saa nzima bila kuona ardhi. Chini kulikuwa kama kitanda ambacho hakuna aliyewahi kukilalia. Abiria wangu wawili walilala, injini ikilala nao kwa mlio wake mmoja, nami nikawa kama mlinzi wa usingizi wa watu. Nilijikuta naota macho wazi kwamba nikishuka nitakuta paa letu.

Mdogo wako,
Tove


Tangen, 28 Machi 1988

Mpendwa Tove,

Salamu. Mimi sijambo, Verna hajambo, Hal yuko vile vile.

Barua yako nilikwenda nayo ufukweni nikaisoma nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Nilifurahi, Tove. Nataka ujue hilo kwanza, kabla hujafika chini ya ukurasa.

Kisha nikaenda kwa mwanasheria wetu wa mji, Bwana Quade. Nikamweleza yote. Alivua miwani akasema, "Mama Aasen, tuanze na hili. Anga si lenu. Anga ni la serikali kuu. Hamwezi kuizuia ndege kutua wala kuipangia saa. Mji wenu una jengo moja na adabu. Jengo mnaweza kulinyima. Adabu mnaweza kuiomba." Kuhusu wewe alisema lazima niseme hadharani, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Nitasema. Lakini kura yangu usiitegemee. Nimempa Verna neno langu kabla sijajua habari zako, na hata ningejua sidhani ningesema tofauti. Kila siku namwona yule mzee akishtuka. Mikono inaruka kama ya mtoto mchanga.

Usiniombe, nakusihi. Labda ungetafuta hiyo hiyo kazi Seattle? Ni saa mbili tu kwa gari.

Dada yako akupendaye,
Ragna


Tangen, 9 Mei 1988

Mdogo wangu Tove,

Salamu tena. Natumaini ni posta tu iliyochelewa. Wiki sita sijapata hata kadi. Kila nikisikia kisanduku cha barua kinafungwa naacha ninachofanya, na kila mara ni bili au tangazo la mbegu.

Nilisimama kwenye kikao nikasema, "Mdogo wangu ameahidiwa kazi na kampuni hii." Lindqvist akapaza sauti kutoka nyuma, "Kumbe! Diwani wetu anauza masikio yetu ili mdogo wake apate kofia ya urubani!" Watu wakacheka. Nilisikia uso unaungua, lakini sikukaa.

Kisha akasimama mama mmoja kijana, Rosalind Teague, ambaye mtoto wake anatibiwa ugonjwa wa damu Portland. Alisema, "Kila Jumanne naendesha gari saa nne kwenda, saa nne kurudi, mtoto anatapika njia nzima. Ninyi mnazungumzia usingizi. Na mimi usingizi naujua." Hakuna aliyecheka. Hata Lindqvist alishusha kofia yake magotini.

Tove, nilikuwa nimeshazoea kudhani wenye haki wako upande mmoja wa ukumbi.

Tumekubaliana kampuni ilete ndege yao siku moja tuisikie wenyewe. Jumamosi tarehe 21 itatua mara sita kwa ratiba, na mashine za kupima kelele zitawekwa sehemu tatu. Moja itakuwa barazani kwa Verna. Nimeomba nikae nayo mimi.

Jibu hata kwa mstari mmoja. Hata wa matusi.

Dada yako,
Ragna


Dillingham, 14 Mei 1988

Dada,

Mstari mmoja: sikukasirika, niliumia, na hivyo ni vitu viwili.

Mstari wa pili: hiyo ndege ya tarehe 21 wamenipa mimi niirushe. Kesho naondoka kwenda Portland kuichukua. Wamesema tusiteremke wala kuongea na watu, ni kutua na kupaa tu. Kwa hiyo usije uwanjani na mikate.

Tove


Tangen, 23 Mei 1988

Mpendwa Tove,

Sijui nianzie wapi, na salamu nimezisahau. Hujambo? Mimi sijambo.

Jumamosi nilikuwa kwa Verna tangu saa moja asubuhi. Bahari ilikuwa imefunikwa na ukungu mwembamba, nchi kavu jua linawaka. Mashine ya kupimia ilisimama kwa miguu yake mitatu kando ya kitanda cha Hal kama ndege wa majini. Mimi nilikuwa na saa, karatasi na kalamu. Verna alifuma soksi. Ilikuwa asubuhi ya ajabu, Tove, kila kitu kilikuwa mbali kidogo na mahali pake.

Ulipokuja mara ya kwanza nilikusikia kifuani kabla ya masikioni. Tumbo jeupe la ndege likapita juu ya paa, karibu hivi, nikaona hata matope kwenye magurudumu. Nikawaza, mdogo wangu yuko ndani ya kitu hiki. Mashine ikaandika desibeli themanini na tatu. Hal akafumbua macho, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akaniita Eddie. Vitani alikuwa mpiga bunduki ndani ya ndege, unakumbuka, na Eddie alikuwa mwenzake. "Eddie," akasema, "wako chini yetu." Verna akaiacha soksi, akamkumbatia kichwa. Hakuniangalia. Bora angeniangalia.

Tulihesabu mara nne. Ratiba ilisema sita, kwa hiyo ile ya saa nne na ile ya saa sita mchana tukadhani mmezifuta kwa ajili ya ukungu. Katika ule utulivu Hal alilala kweli kweli, mdomo wazi. Hata mimi nilisinzia kitini na kalamu mkononi.

Ulipomaliza nilishindwa kujizuia, nikapanda baiskeli mpaka uwanjani. Nilikuta waya wa uzio na watu wawili wanakunja viti. Wewe ulikuwa nukta tu, kusini. Nikapunga mkono, mwanamke wa miaka hamsini na sita, napungia nukta.

Dada yako,
Ragna


Dillingham, 2 Juni 1988

Dada yangu Ragna,

Pokea heshima zangu na mapenzi yangu. Mimi mzima. Barua hii ni ndefu, weka kahawa karibu.

Nilikuona. Koti lako la manjano, barazani kwa Verna, na mtu kitandani. Kutoka juu mji wetu ni mdogo mno, unaweza kuufunika kwa kiganja. Miaka miwili nimekuwa nikiuona usingizini, na sasa ulikuwa chini yangu, nami nikiupigia makelele. Paa letu limeota kuvu upande wa kaskazini, uiondoe kabla ya mvua.

Sasa sikiliza. Hatukufuta safari yoyote. Nilitua mara sita.

Mara ya kwanza nilipopita juu yenu niliona yule mtu kitandani akirusha mikono, na ilinibaki machoni. Saa nne sikufuata njia tuliyopangiwa. Nilizunguka kupitia baharini, nyuma ya ncha ya mwamba, nikashuka juu ya maji mpaka mwanzo wa lami. Injini inakuwa ya taratibu, mlio unaingia baharini. Dakika nne zaidi, basi. Saa sita mchana nikarudia ili niwe na hakika. Msaidizi wangu aliniuliza, "Tunakwenda wapi?" Nikamwambia, "Kutua. Kaa kimya uangalie." Wewe ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye mashine, ukasinzia.

Kampuni imewaambia madiwani kwamba njia ya baharini haiwezekani kwa ndege hii. Inawezekana. Hawaitaki kwa sababu dakika nne mara kumi na mbili ni mafuta. Nilikuwepo walipokubaliana waseme hivyo, na nilikaa kimya, maana nilitaka kofia yangu. Lindqvist hakukosea sana.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ya halmashauri. Nimeandika yote humo, saa, mwendo, urefu kutoka baharini, na sahihi yangu. Ikisomwa, mimi kazi sina. Ikikaa kabatini, nina kazi. Ningeweza kuituma kwa Maxine moja kwa moja. Nilifika posta nikiwa na stempu mkononi, nikashindwa. Kwa hiyo nimekutupia wewe, kama nilivyokuwa nikikutupia hesabu zangu za shule. Nisamehe.

Mdogo wako,
Tove


Tangen, 12 Julai 1988

Mpendwa Tove,

Salamu. Natumaini u mzima. Usingizi wangu umerudi, nami nauonea haya.

Bahasha yako nilikaa nayo siku tisa. Niliiweka chini ya vitambaa vya meza. Nikipita karibu na kabati najikuta natembea kwa vidole kama kuna mtu mgonjwa ndani. Siku ya nne niliishika juu ya jiko. Nitakwambia ukweli, si kwa ajili ya kuficha siri ya kampuni. Nilikuwa nimekwisha kukitandika chumba chako.

Siku ya tisa nilikwenda kwa Verna nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Ukiisoma hii kikaoni, atarudi?" Nikasema sijui, nadhani hapana. "Basi mimi siwezi kukwambia la kufanya," akasema. "Ile ahadi yako nakurudishia." Nilitoka pale nikiwa huru kabisa, na hapo ndipo nilipojua nitaisoma.

Jana kikao kilipoanza nilishuka kwenye kiti cha diwani, nikapanga foleni kwenye kipaza sauti cha wananchi, dakika tatu kama kila mtu. Bwana mmoja wa kampuni alikuwa ametoka kueleza kwa ramani kwamba baharini haiwezekani kabisa. Nikaisoma ile barua yako ya halmashauri. Sauti ilinikatika mahali unaposema "nilikaa kimya kwa sababu niliitaka kazi." Nikaanza tena sentensi hiyo. Kisha Bwana Quade akaomba daftari la uwanja, lenye kutua mara sita, na karatasi za ile mashine ya barazani, na mji mzima ukaona kwamba saa nne na saa sita hakuna kilichoandikwa ila desibeli za shakwe.

Meya akamgeukia yule bwana. "Kwa hiyo ndege hii ilifanya jambo lisilowezekana mara mbili kabla ya chakula cha mchana?"

Leo wametia sahihi makubaliano ya hiari: ndege zote kupitia baharini, na hakuna kuruka kabla ya saa moja asubuhi. Jengo wamepewa kwa kura nne dhidi ya mbili. Mimi sikupiga kura. Rosalind alilia. Lindqvist alinijia mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mwambie mdogo wako... aah, mwambie tu."

Nimekwambia.

Dada yako,
Ragna


Dillingham, 25 Julai 1988

Dada,

Wameniandikia. Mistari miwili, hata jina langu wamelikosea. Usilie, au lia kidogo kisha uache. Mimi nililia ndani ya ndege, peke yangu, na shehena ya samaki.

Uliisoma vizuri. Asante kwa kuanza tena sentensi ile.

Sijui nitaandika lini. Samaki ni wengi na siku huku haziishi.

Mdogo wako,
Tove


Tangen, 6 Septemba 1988

Mdogo wangu mpendwa Tove,

Salamu kutoka kwetu sote tuliobaki. Hal alifariki Alhamisi iliyopita, barazani, alasiri, usingizini. Verna alidhani amelala tu, akaendelea kufuma karibu saa nzima. Anasema haikumtisha alipojua. Hata ndege za abiria hazijaanza bado, Tove. Hakuwahi kusikia tulichompigania, wala kutosikia. Nilimwambia Verna hivyo kwa uchungu, naye akanijibu, "Wiki zile za mwisho mimi sikuwa nikizingoja ndege hizo kwa hofu. Hilo nililipata mimi."

Jana nimezika jirani, nikarudi nyumbani nikakaa. Ukungu ulikuwa mpaka dirishani, mweupe kabisa, huoni hata ua. Nilikaa humo kama mtu aliyelala na macho wazi, na nikayasikia maneno yangu mwenyewe ya siku ya mazishi ya mama. Nilisema usirudi mpaka uwe na la kufanya. Mimi ndiye niliyesema, kwa mdomo huu, mbele ya mjomba. Nilikuwa na hasira kwamba nilimuuguza peke yangu miaka mitatu na wewe ulikuja na begi moja kwa siku mbili. Hasira ilikuwa ya kweli. Maneno yalikuwa mabaya.

Njoo bila la kufanya. Njoo ukae tu. Chumba sijakitandua.

Dada yako,
Ragna


Juu ya bahari, 11 Oktoba 1988

Dada Ragna,

Pokea heshima zangu. Naandika karatasi ikiwa gotini, utanisamehe mwandiko. Barua hii haitapitia posta. Nitakupa mkononi ukifungua mlango, kisha nitakwenda kukaa bustanini mpaka umalize.

Nimeacha kazi Dillingham. Wameniaga kwa keki yenye umbo la ndege, bawa moja limevunjika. Sina mpango. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikijua kesho naruka wapi, na leo nimekaa kiti cha sita, dirishani, abiria kama wengine. Rubani ni kijana. Nilipopanda nilimtazama mikono yake, ni mizuri, haina haraka.

Sikuja siku ulipoandika kwa sababu nami nilikuwa na hasira yangu. Niliogopa ningeileta mezani pako. Mama alipokuwa mgonjwa uliniandikia "usijali, tunaweza," nami nikachagua kuamini. Nilijua haikuwa kweli. Tutalisema hilo tukiwa tumekaa, polepole, si lazima leo.

Sasa tumezunguka ncha ya mwamba. Anapita njia ya baharini. Chini ni ukungu mtupu, mweupe, na kivuli chetu kinatembea juu yake, kidogo, ndani ya duara la upinde wa mvua. Rosalind Teague yupo viti viwili mbele, nimemjua kwa mtoto. Mtoto hajatapika. Anachora dirishani kwa kidole.

Pembeni yangu kuna mzee ambaye simjui. Alipopanda alinisalimia, akaniuliza kama naogopa ndege, nikasema kidogo. Akasema, "Nishike mkono ukitaka." Dakika kumi baadaye alikuwa amelala, na kichwa chake kimeniangukia begani. Kizito, kina joto. Bega limekufa ganzi, na ninaandika kwa mkono mmoja nisimwamshe.

Injini zimepunguzwa. Tunashuka. Bado amelala.

Mdogo wako,
Tove